Bastola ya P38 ya vitani: namna ya kuitambua na kuikadiria kabla hujaigusa kwa kitambaa

Dada mmoja anayetunza wazee kule Minnesota alinipigia simu usiku. Mzee aliyekuwa akimhudumia alikuwa amefariki wiki ile, na mjane wake alipofungua droo ya chini ya kabati alikuta ala ya ngozi iliyokauka, ndani yake bastola nyeusi. "Kaka, mama wa watu ananiuliza hii ni takataka au ni mali. Ina kutu kidogo hapa ubavuni. Nimeshatafuta mafuta na steel wool niisafishe kwanza, halafu nikutumie picha."

Nikamwomba aviweke chini vyote viwili, mafuta na steel wool.

Nimefanya kazi miaka 11 kwenye nyumba ya mnada Marekani. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya vitu vya kale kabla havijauzwa, na bastola za Wajerumani za Vita Kuu ya Pili zimepita mikononi mwangu nyingi, kwa sababu askari wa Kimarekani walirudi nazo kwenye mabegi yao kama kumbukumbu. Sasa wazee wale wanaondoka, na mara nyingi anayekuwepo droo inapofunguliwa ni mmoja wetu: mtunzaji kutoka Morogoro, Kisii au Bukavu. Ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili. Nitashika aina moja tu, P38 ya kampuni ya Kijerumani ya Walther, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi.

Kwanza: sheria

Bastola ya kale bado ni bastola. Marekani, mwenye viza ya muda kama ya masomo au utalii kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha. Mwenye makazi ya kudumu anaweza, ila sheria za jimbo lake nazo zina neno. Kuuza kwa mtu wa jimbo jingine lazima kupitie muuzaji mwenye leseni. Uingereza mambo ni magumu zaidi: tangu sheria za 1997 bastola nyingi haziruhusiwi kwa raia wa kawaida, kwa hiyo ukiikuta kwenye nyumba ya marehemu, piga simu polisi uwaulize kabla hujaitoa nje ya mlango. Na usithubutu kuiweka kwenye sanduku la kwenda nyumbani. Tanzania na Kenya silaha huingia kwa kibali au haiingii kabisa, na uwanja wa ndege hawatakuuliza kama ni ya makumbusho.

Kama wewe si mmiliki, kazi yako ni kupiga picha na kumsaidia mwenye mali aelewe alicho nacho. Mengi ya hatua zinazofuata yanawezekana kwa picha nzuri tu.

Pili: hakikisha haina risasi

Kama hujawahi kushika silaha, usijifunzie hapa. Tafuta anayejua. Anayejua atafanya hivi: mdomo wa mtutu unaelekea pasipo na mtu, kidole kiko mbali na kifyatuo, magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, inatolewa kwanza (kwenye P38 kishikio chake kiko chini kabisa ya mpini, kwa nyuma), kisha slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza, inavutwa nyuma na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, inatazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole.

P38 ina kijiti kidogo kinachochomoza juu ya nyundo risasi ikiwa chemba. Usikitegemee peke yake, kimeshazeeka. Na kuna jambo moja nalisisitiza kwa kila mtu: ile swichi ya ubavuni wa kushoto ukiishusha huangusha nyundo. Kwenye bastola mpya nyundo huanguka salama. Kwenye bastola ya miaka 80, vipande vya ndani vikiwa vimelika au vimebadilishwa, risasi inaweza kutoka. Usiishushe kamwe kama kuna risasi chemba.

Tatu: je, ni P38 ya vita kweli?

Jeshi la Ujerumani liliikubali mwaka 1938, na ndiko jina lilikotoka. Ilikuja kuchukua nafasi ya P08 ya Georg Luger, bastola nzuri mno lakini ya gharama na yenye kazi nyingi ya mashine. Ukiona bastola yenye goti la chuma linalojikunja juu, hiyo ni Luger, na mwongozo wake ni mwingine. P38 ina slaidi iliyokatwa wazi juu ili mtutu uonekane, nyundo iko nje, mtutu una urefu wa milimita 125, na magazini inabeba risasi 8 za milimita 9.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu baada ya vita Walther walihamia Ulm, Ujerumani Magharibi, na kuanzia 1957 wakaitengeneza tena kwa ajili ya jeshi jipya. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Chukua sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji, uiguse kwenye fremu, sehemu ya chini yenye kifyatuo. Ikinata, fremu ni ya chuma. Isiponata, fremu ni ya alumini, na unachoshika ni bastola ya baada ya vita, ambayo jeshi baadaye liliiita P1. Ni bastola nzuri, ila bei yake ni ya ngazi nyingine.

Mtego mwingine ni jina lenyewe. Watu wakiona nembo ya WALTHER kwenye slaidi hufurahi. Lakini bastola za jeshi za katikati ya vita hazina nembo hiyo kabisa. Ukiikuta, ama una bastola ya mwanzoni kabisa ambayo ni adimu, ama ya kiraia, ama ya Ulm ya baada ya vita. Tazama kama neno Ulm limeandikwa mahali, kisha rudi kwenye sumaku.

Nne: soma herufi za slaidi

Geuza ubavu wa kushoto. Utaona maandishi P38 au P.38, namba, na herufi mbili au tatu ndogo. Herufi hizo ndizo jina la kiwanda. Wajerumani walizitumia ili adui akiokota silaha asijue imetengenezwa wapi akapeleka ndege za mabomu. Leo zinatusaidia sisi.

Walther wenyewe, mjini Zella-Mehlis, ndio wenye historia ndefu zaidi. Za kwanza kabisa, za 1939 na 1940, zina nembo ya Walther na namba inayoanza na sifuri. Zilikuwa kama 13,000 tu, na wakusanyaji huzitafuta kwa tochi. Katikati ya 1940 nembo ikaondolewa ikawekwa namba 480. Hazikudumu. Mwaka huohuo 480 ikageuka kuwa "ac", na kwa muda mfupi sana "ac" hiyo ilipigwa bila mwaka. Ukikuta "ac" peke yake, bila tarakimu zozote za mwaka, simama hapohapo na utafute mtaalamu. Baada ya hapo kila bastola ina mwaka: ac na 40, ac na 41, hadi ac na 45. Mwaka 1943 kuna jambo dogo la kupendeza: mwanzoni "ac" ilikaa juu na "43" chini yake, baadaye zikaandikwa kwenye mstari mmoja.

Mauser wa Oberndorf walianza mwishoni mwa 1942. Herufi zao ni "byf", na zile za 42 ni chache. Za 43 na 44 ni nyingi. Mwaka 1945 wakabadili kuwa "svw". Kisha Wafaransa wakauteka mji ule Aprili 1945, wakaendelea kuunganisha bastola kiwandani hadi 1946. Ukikuta svw 45 au 46 yenye nyota ndogo ya ncha tano, chuma chake kikiwa cha rangi ya kijivu, pengine na vibao vya mpini vya bati badala ya plastiki ngumu, ni ya Wafaransa. Si bandia. Ina wapenzi wake, ila usimuuzie mtu kwa jina la bastola ya askari wa Kijerumani.

Wa tatu ni Spreewerk, waliokuwa Grottau, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki na unaitwa Hrádek nad Nisou. Herufi zao ni "cyq", bila mwaka. Kazi yao ni ya harakaharaka, mikwaruzo ya mashine inaonekana wazi, na mwanzoni nilidhani kila cyq imekwanguliwa na mtu. Sivyo, ilitoka kiwandani hivyo. Karibu na mwisho wa vita mkia wa "y" kwenye muhuri wao ulikatika, kwa hiyo bastola nyingi zinasomeka "cvq". Nimeshaona mtu akiiuza kama kiwanda cha siri. Hakuna kiwanda hicho.

Picha ya kwanza aliyonitumia yule dada ilionyesha "byf" na "44". Maana yake ni Mauser, 1944, ya kawaida kabisa kwa idadi. Viwanda vitatu kwa pamoja vilitoa zaidi ya bastola milioni moja, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba P38 yoyote ni adimu kwa kuwa tu ni ya vita.

Tano: namba zinaafikiana?

Ukiniuliza jambo moja linalopandisha au kushusha bei kuliko yote, nitakwambia ni hili.

Namba ya bastola ina tarakimu hadi nne, kisha mara nyingi herufi ndogo. Kiwanda kilihesabu hadi kikaribia elfu kumi, kikaanza tena moja na kuongeza "a", kisha "b", na kuendelea. Walther waliuanza mzunguko upya kila mwaka, ndiyo maana herufi ni sehemu ya namba. Usiiache unapoiandika, la sivyo utakuwa unazungumzia bastola nyingine.

Namba hiyo imepigwa kwenye slaidi, kwenye fremu upande wa kushoto, na kwenye sehemu ya mtutu. Walther walipiga pia tarakimu za mwisho kwenye kile kipande kidogo cha chini ya mtutu kinachoufunga. Zote zikisema kitu kimoja, vipande vile vimekaa pamoja tangu kiwandani. Slaidi ikisema hivi na fremu vile, mtu aliziunganisha baadaye, labda askari kambini akisafisha nyingi kwa pamoja, labda karakana baada ya vita. Bei inaweza kushuka kwa theluthi au hata nusu.

Kwa sababu hiyo wapo wanaofuta namba na kupiga nyingine. Chukua kioo cha kukuzia na taa ya mkononi, ulaze mwanga ubavuni, usiumulike kutoka juu. Chuma cha kiwandani ni bapa. Kilichosagwa ili kufuta namba kina kibonde chepesi, kama mahali paliposuguliwa kwenye meza ya mbao. Linganisha umbo la tarakimu: 4 ya fremu na 4 ya slaidi zinapaswa kufanana kama ndugu. Chuma kikigongwa muhuri, kingo za herufi huinuka kidogo. Pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama kidogo, ni dalili njema. Herufi zilizolainika kama zimepigwa msasa zina hadithi nyuma yake.

Sita: tai

Ubavu wa kulia wa slaidi utaona mihuri midogo mitatu: tai wa mkaguzi mwenye namba chini yake, tai mwenye swastika (nembo ya Wanazi) aliye alama ya kujaribiwa kwa risasi, kisha tai wa mkaguzi tena. Namba ya mkaguzi inamfuata mwenye kiwanda: 359 ni Walther, 135 ni Mauser, 88 ni Spreewerk. Kwa hiyo slaidi ya byf yenye 359 ingenishtua.

Ila usikimbilie kusema ni bandia ukiona namba ngeni kwenye kipande kimoja. Viwanda viliagiza vipande nje. FN ya Ubelgiji ilitengeneza slaidi na fremu, nazo zina tai mwenye 140, na mitutu mingine ilitoka Prague ikiwa na herufi "fnh". Hiyo ni halali kabisa.

Kuna waliozikwangua swastika kwa patasi baada ya vita, kwa chuki inayoeleweka. Mimi sipendi alama ile na sijawahi kuipenda. Lakini ukiikuta, usiiondoe, na ukikuta imeondolewa, iandike kwenye maelezo. Mnunuzi ana haki ya kujua.

Saba: ngozi ya chuma

Hapa ndipo steel wool ya yule dada ingeua mali ya mjane.

Chuma cha P38 hakikupakwa rangi. Kilichovywa kwenye dawa kikageuka bluu-nyeusi, na weusi ule ni tabaka jembamba mno. Dakika mbili za kusugua zinauondoa, na haurudi. Weusi ukipungua mdomoni mwa mtutu na kwenye pembe za slaidi kwa kuingia na kutoka kwenye ala, mkusanyaji hajali, anaona maisha ya bastola. Weusi ukisuguliwa na mjukuu mwenye nia njema, anaona dola zikimwagika. Familia moja ilinijia na ac ya 41, mwaka ambao Walther bado walikuwa wanang'arisha chuma kama kioo, na kijana wao alikuwa ameisugua hadi ikawa nyeupe kama kijiko. Baba yake alinitazama akitaka nimwambie inatengenezeka. Sikuwa na la kumwambia.

Kutu nyepesi ya juu acha ilivyo, au kwa kibali cha mmiliki weka tone moja la mafuta mepesi ya bunduki, iache usiku kucha, uipangusie kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Basi.

Unajuaje kama weusi ni wa kiwandani au wa baadaye? Tafuta vishimo vya kutu. Kutu ya kweli inakula weusi kwanza kisha inachimba chuma, kwa hiyo ndani ya kishimo ni kahawia au kijivu. Ukikuta kishimo kimejaa weusi ndani yake, bastola ilipata kutu, ikasafishwa, kisha ikachovywa upya. Pia tazama vipande vidogo: P38 nyingi zilizotekwa na Wasovieti zilifunguliwa zote kwa pamoja, zikachovywa kwenye dawa moja nzito, zikaunganishwa bila kujali namba. Hizo zina weusi wa kung'aa sawasawa kila mahali, na nyingine magazini yake imeandikwa namba kwa kalamu ya umeme, mwandiko wa mkono. Zililetwa Marekani kwa wingi baadaye na waagizaji, ambao kwa sheria walilazimika kupiga jina na mji wao mahali fulani kwenye chuma, mara nyingi kwa herufi ndogo kwenye mtutu au fremu. Itafute alama hiyo. Ukiikuta, hadithi ya babu aliyeiokota Ujerumani imeishia hapo.

Nane: magazini, ala na karatasi

Magazini ya wakati ule ina maandishi P.38 ubavuni na tai wake, wa kiwanda au wa msambazaji. "Jvd" na tai wa 706, kwa mfano, ni wa kawaida. Za mwanzoni kabisa zilipigwa namba ya bastola yenyewe, na hiyo ikiafikiana ni furaha ya pekee. Ala ya ngozi ina muhuri wa mtengenezaji na mwaka, nyuma au ndani ya mfuniko. Usiipake mafuta ya viatu. Na usirudishe bastola ndani yake, ngozi kuukuu hula chuma.

Karatasi ndiyo inayosahaulika. Mwaka 1944 na 1945 askari wa Kimarekani alipotaka kurudi na silaha ya adui alipewa hati yenye jina lake, kikosi chake na aina ya kitu, na sahihi ya ofisa. Nyingine zina hata namba ya bastola. Hati yenye namba inayoafikiana ni thamani juu ya thamani. Bila karatasi, hadithi ni hadithi tu. Nimewahi kuletewa Luger iliyosemekana kutoka kwenye manowari Königsberg, ile ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Moyo ulinidunda, mzinga wake mmoja niliuona nikiwa mtoto pale Fort Jesus, Mombasa. Lakini bastola ilikuwa ya jeshi la nchi kavu, ya 1917. Meli ilikuwa na miaka miwili chini ya maji.

Tisa: bei

Usiangalie bei watu wanazotaka. Angalia bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, kwenye matokeo ya minada, bastola ya kiwanda hichohicho, mwaka huohuo, hali ileile. Kwa soko la Marekani, iliyochovywa upya na yenye namba tofauti huzungumziwa kwa mamia ya dola. Ya 1943 au 1944 yenye namba zinazoafikiana na weusi wake wa asili huanzia mamia ya juu, ikipita elfu moja pale ilipo safi. Zenye namba ya sifuri, 480, au "ac" bila mwaka ni maelfu. Ala na karatasi huongezwa juu. Kisha toa asilimia ya nyumba ya mnada, uliza ni ngapi kabla ya kusaini, maana hutofautiana sana. Na mnunuzi wa kwanza anayekuja mlangoni na noti mkononi, mpe chai, msikilize, usimuuzie siku hiyo.

Byf 44 ya mjane ilikuwa na namba zinazoafikiana kote, kutu ya ukubwa wa sarafu ubavuni, weusi wake kamili kwingineko. Nilimwambia dada aangalie ule mfuko mdogo wa mbele ya ala, ule wa magazini ya akiba. Ndani hamkuwa na magazini. Kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akainyoosha polepole mezani, akanisomea jina la mzee, kikosi, na tarakimu nne na herufi moja. Nikamwomba azisome tena, nami nikiwa nazitazama kwenye picha. Kisha nikamwambia amwite mama, akae karibu naye, waandike kila alichowahi kusimuliwa na mumewe kuhusu siku ile, tarehe na mji, mama aweke sahihi chini, na nakala moja ibaki na watoto hata kama bastola itauzwa.